Zimwi Lililouliza Kama Tumekula

Harufu ya jumba lile bado naijua. Nifunge macho leo, unipitishe mbele ya karakana mia, nitalitambua kwa pua tu: vumbi lililoungulia juu ya taa, grisi ya reli, mpira wa magurudumu, gundi ya kubandikia manyoya ya bandia, na juu ya vyote hivyo bisi zenye siagi kutoka kibanda cha jirani. Lilikuwa jumba la mabati lililopakwa rangi nyeusi, ndani ya bustani ya michezo upande wa kusini wa Johannesburg, kule ambako vilima vya mchanga wa migodi huwa vya manjano jua linapovipiga. Watu wa mji huu wakiikumbuka bustani ile husimulia gurudumu kubwa na treni za kumgeuza mtu kichwa chini miguu juu. Wasimulie wao. Mimi nasimulia jumba la mabati, kwa sababu mama yangu alikuwa zimwi ndani yake, na kwa sababu nimechoka kusikia jamaa zetu wakisema alipoteza kazi kwa upumbavu. Haukuwa upumbavu. Nitaeleza, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Jumba lile lilikuwa na historia yake kabla yetu. Mwanzoni, kwa mujibu wa mafundi wa zamani, lilikuwa safari ya mizimu na basi. Unapanda kigari cha watu wawili, mlango unafungwa nyuma yako, reli inakupeleka gizani. Jeneza linafunguka hapa, mifupa inatikisika pale, nyuzi za pamba zinakupapasa uso udhani ni utando wa buibui. Kizazi kizima kilipiga mayowe humo. Kisha wakaja watoto waliokwisha kuona mambo mabaya zaidi kwenye simu za kaka zao, wakawa wanatoka mlango wa pili wakipiga miayo. Wenye bustani wakalifunga jumba majira yote ya baridi, na walipolifungua tena kila kigari kilikuwa na bunduki mbili za mwanga zilizofungwa kwa waya, na kila zimwi lilikuwa na taa ndogo nyekundu kifuani. Ukiilenga taa ikazimika, namba zako zinapanda kwenye kibao kilicho mbele yako. Zamani abiria alikaa akaogopa. Sasa alipewa cha kujibia. Lakini mtu mwenye bunduki haogopi kwa urahisi, na meneja aliliona hilo mapema. Akaamua kwamba mazimwi lazima yawe makali kuliko zamani, yavishwe upya kuanzia kichwani hadi kwenye kucha, na kwa hiyo akatafuta mshonaji.

Ndivyo mama alivyoingia. Tulikuwa tumetoka Bukavu nikiwa na miaka mitatu, na wakati huo nina kumi. Tuliishi mtaa wa Mayfair, kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili ilikaa familia ya Warundi, watu wema kabisa, lakini wema wao haukuzuia sisi kusikia wakikoroma wala wao kusikia mama akilia. Kazi ya bustanini ilikuwa ya msimu mmoja tu, likizo ya Desemba. Meneja alisema wazi kwamba akiridhika, mwezi wa kwanza atampa mama kazi ya kudumu na barua ya kuthibitisha, na mwenye nyumba mmoja mtaa wa tatu alikwisha kusema kuwa akiiona barua hiyo atatupa chumba chenye mlango wetu wenyewe. Mlango wenye ufunguo wetu: hicho ndicho mama alichokitaka duniani, na msimu ule wote alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa maji kichwani, asitake tone limwagike. Shule zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na wa kuniangalia, basi nikawa nafuatana naye kila asubuhi.

Lazima nikiri jambo hapa, maana bila hilo hadithi haieleweki. Siku zile nilikuwa nimeikana lugha yangu. Shuleni walinicheka nilivyohesabu, wakaniita kwerekwere, jina wanalopewa wageni wa kutoka nchi nyingine za Afrika, na mimi nikatangaza kwamba nimetokea Durban na kwamba Kiswahili sikijui hata neno. Nilishikilia uongo huo mpaka nyumbani. Mama alinisemesha Kiswahili, mimi namjibu Kiingereza, na tukaishi hivyo kama watu wanaopigiana simu kwenye mtandao mbaya. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliendelea tu kunisemesha Kiswahili chake cha Bukavu, kile kinachowaita watoto batoto, kila siku, kama mtu anayemwekea chakula mgonjwa asiyekula.

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya jumba, na ukuta wake wa bati ulipitisha kila sauti. Mchana nilimtazama mama akishonea mazimwi majoho ya magunia, akiyapima mabega kwa utepe na kuyashika kiuno kwa adabu kana kwamba ni wateja. Ikifika saa kumi, mvua ya radi ya Johannesburg inapiga bati kwa dakika ishirini kisha inaondoka kama mgeni mwenye haraka, na harufu ya vumbi lililolowa inaingia. Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, fundi wa umeme alinipandisha kigari nikajaribu bunduki zote. Fundi huyo alikuwa Mtanzania, mzee wa Tanga, nasi tukimwita Baba Salumu. Alikuwa na ndevu nyeupe, maneno machache na mzaha mwingi. Kiswahili cha mama kilimkera na kumfurahisha kwa pamoja. Alizoea kumwambia, Mama Furaha, hicho unachosema ni Kiswahili au ni ugomvi? Mama naye humjibu kwamba Kiswahili cha Tanga ni kizuri sana, kinafaa kubembelezea paka.

Meneja tulimpa jina la Bwana Sharp, kwa sababu kila ulichomwambia alijibu kwa neno la mjini lenye maana ya sawa: sharp. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, na wakati mwingine hao ndio wabaya zaidi. Zimwi lake kuu lilikuwa la kike, refu kuliko mlango, limewekwa kwenye kona ya mwisho ambapo kigari hupunguza mwendo. Alilipa jina la Malkia wa Giza. Ukilipiga taa linainama kimya. Ukilikosa, linanguruma. Kwanza walilitia sauti ya Kiingereza na watoto wakacheka. Basi asubuhi moja Bwana Sharp akaja chumba cha kushonea akasema anataka sauti ya kutoka ndani kabisa ya Afrika, sauti ya msitu, na kwamba mama anatoka kwenye misitu, si ndiyo? Mama anatoka Bukavu, mji wenye ziwa, magorofa na msongamano wa magari. Lakini alikaa kimya, kwa ajili ya ule mlango. Meneja akaeleza anachotaka: aseme kwa lugha yake kwamba atawaua, atawala nyama, hawatafika nyumbani. Aseme kwa hasira, basi.

Kwetu mama halaani mtoto. Si kwamba ni tabia mbaya tu; ni hatari, kama kuacha jiko la mkaa linawaka ndani ya chumba. Maneno huumba. Mama mtu akimwambia mtoto atakufa, hata kwa mzaha, hata kama mtoto si wake, yale maneno hayarudi mdomoni; yanakwenda kutafuta pa kukaa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikasirika sana anatukana vyungu, anatukana mbuzi wa jirani, lakini mtoto humwambia tu, ukue. Sasa mama alisimama mbele ya maikrofoni, Baba Salumu ameshika vyombo vyake, Bwana Sharp amekunja mikono, nami nimekaa juu ya mafurushi ya nguo. Akavuta pumzi. Akanguruma kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya chini, ya kukwaruza, iliyonisimamisha nywele:

"Batoto! Mulisha kula? Mikono munanawa? Viatu viko wapi? Giza inaingia, rudieni nyumbani, mama zenu wanawangojea!"

Bwana Sharp alikuwa ametoa macho. Akamuuliza Baba Salumu, maana yake nini? Mzee wa Tanga akapapasa ndevu zake taratibu, akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba hayo ni maneno mazito sana, hayatafsiriki mbele ya mtoto. Sharp, akasema meneja. Sharp, sharp.

Ee bwana, watu waliogopa! Baba Salumu aliipunguza kasi sauti ile mpaka ikawa kama mawe yanasagana, na kuanzia siku ya kwanza mayowe ya kona ya mwisho yalisikika mpaka kwenye kibanda cha bisi. Vijana wenye vifua, wenye miwani ya jua, walitoka wameshikana mikono. Akina dada walilia machozi ya kweli. Nami nilikaa nyuma ya bati nasikia watu wazima wa Johannesburg wanatetemeka kwa kuulizwa kama wamenawa mikono. Sitaficha nilivyojisikia. Mimi niliyeona haya mama akinisemesha kwa sauti sokoni, sasa nilisikia sauti ileile imejaa jumba zima, kubwa, haina woga, hakuna wa kuicheka. Nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Na kujivuna ndiko kulikotuponza. Mdomo uliponza kichwa, na mdomo ulikuwa wangu. Upande wa pili wa pazia alikuwapo msichana wa rika langu, Odette, na Jumapili moja baada ya kanisa sikuweza kujizuia, nikamweleza yote. Ulimi hauna mfupa. Odette akamwambia shangazi yake msusi, saluni ikaambia soko, soko likaambia watu wa msikitini, na siku ya mapumziko iliyofuata Mayfair ikahamia bustanini. Walikuja Warundi, Wakongo, Wakenya, Watanzania, hata Wasomali waliokulia Nairobi, na vyakula vyao kwenye mabeseni. Wakapanda vigari, wakapita mazimwi yote bila haraka, na walipofika kona ya mwisho wakaelekeza bunduki darini. Makusudi. Zimwi lililopigwa hukaa kimya, na wao walikuwa wamekuja kulisikia linasema. "Mulisha kula?" linanguruma zimwi, na kigari kizima kinaitikia kwa pamoja, "Tulisha, mama, asante!" Nilisikia wanaume wazima wakicheka humo mpaka wanakohoa, na mwanamke mmoja aliyetoka analia, si kwa hofu, alisema hakuwa ameulizwa swali hilo miaka sita. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku ile niliona zimwi linalojulikana na mtaa mzima.

Wenyeji waliokuwa kwenye foleni wakashangaa kicheko hicho cha nini. Wakauliza, wakatafsiriwa. Kufikia alasiri nao walikuwa wanalenga dari. Ubao wa walenga shabaha bora haukupata jina hata moja, na Bwana Sharp akaingia mwenyewe kwenye kigari kwenda kuona kumeharibika nini. Alitoka uso mwekundu. Eish, alisema, nimefanywa mjinga kwenye jumba langu mwenyewe.

Sitamwonea: haki ya kukasirika alikuwa nayo. Alimwita mama, akasema kesho asubuhi kabla ya kufungua watarekodi upya, safari hii kwa maneno aliyoyaandika yeye kwenye karatasi na yaliyotafsiriwa na mtu mwingine aliyemwamini. Nitakuua. Nitakula nyama yako. Hutamwona mama yako tena. Akisema hayo, yaliyopita yamepita na barua ya kazi ataipata. Asiposema, aache funguo za chumba cha kushonea.

Jioni ile nilimsihi. Nilimsihi kwa Kiingereza, ndiyo lugha niliyokuwa nikisihia siku zile. Nilimwambia ni mchezo tu, mama, ni mashine, hakuna atakayekufa, sema mara moja tupate mlango. Baba Salumu naye alimshauri kwa upole: mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama alikuwa akishona pindo la joho, hakuinua macho. Alimwambia Baba Salumu kwamba mchezo ni kwa yule mwenye bunduki. Yeye ni mama, mdomo wake haujui kwamba ni mchezo. Kisha akanigeukia akasema mlango ataupata pengine. Nilimchukia usiku ule. Nilisikiliza mikoromo ya upande wa pili wa pazia nikamchukia kwa moyo wote, na leo naandika hivyo bila kujipaka mafuta.

Asubuhi tukasimama mahali palepale. Bwana Sharp akampa karatasi. Mama aliisoma mpaka mwisho, akaikunja mara mbili vizuri kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akamrudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Mi nakatala," na Baba Salumu hakuwa na haja ya kutafsiri. Meneja akashusha pumzi. Halafu macho yake yakaniangukia mimi. Binti, akauliza, binti si anazungumza lugha hii? Sauti ya mtoto gizani inatisha kuliko ya mama. Binti akisema, mama anabaki na kazi. Akaninyooshea karatasi.

Mama hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Aliniacha. Nami maneno nilikuwa nayajua, yote, kila moja lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Nikauona mlango, rangi yake, kitasa chake. Nikawaona pia watoto wa foleni, wadogo kuliko mimi, wanaoingia wameshika vidole vya baba zao. Na hapo kitu kilipanda kutoka tumboni ambacho mpaka leo sina jina lake ila kiburi. Nikamtazama Bwana Sharp usoni, nikasema kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa reli:

"Mimi sijui Kiswahili."

Baba Salumu alishikwa na kikohozi. Meneja akamuuliza, amesemaje? Mzee akafuta macho yake kwa kiganja, akamwambia, anasema hakijui. Bwana Sharp alibaki anatutazama mmoja mmoja, sisi watu watatu wenye nyuso za kanisani, na nadhani alielewa kwamba kuna kitu kimempita lakini hakujua kimepitia wapi. Akasema sharp, kwa sauti ndogo. Mama akaacha funguo mezani, akachukua mkasi wake na utepe wake, akanishika mkono, tukatoka. Njiani hadi kituo cha basi niliongea Kiswahili mfululizo, kibovu, kimejaa makosa, na mama alinisahihisha neno kwa neno.

Sasa wasemao ulikuwa upumbavu wana hoja zao, na nitazitaja kabla hawajazitaja. Tulikaa nyuma ya lile pazia miaka mitatu zaidi. Mama alishona barazani kwa watu, kwenye baridi ya Juni inayokausha midomo, na nilihamishwa shule kwa kukosa ada. Hakuna malaika aliyeshuka. Malkia wa Giza alitiwa mngurumo wa simba, watu wakamchoka kabla ya Pasaka, na baada ya miaka kadhaa jumba lote likabomolewa kuuzwa vyuma chakavu. Hayo yote ni kweli. Ila mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wale jamaa zetu wenye milango yao hawakuwahi kuombwa wauze kitu kilichomo kinywani mwao.

Leo nafanya kazi Braamfontein, hapahapa Johannesburg, nafundisha, na nina mlango na mtoto wa miaka tisa anayenijibu Kiingereza. Simgombezi. Mwaka huu nilimpeleka kwenye bustani nyingine, kaskazini mwa mji, yenye safari ya gizani ya siku hizi: vigari havina reli, mazimwi ni picha kwenye vioo vikubwa, bunduki hutikisika mkononi kama ya kweli. Kila zimwi humo linaahidi kuua, kwa Kiingereza safi, na watoto hutoka wakilinganisha namba, hakuna aliyelia, hakuna aliyecheka. Mama tulimwacha kwenye benchi nje, miguu yake haipendi tena ngazi. Wiki ile ile watu walikuwa wameandamana barabarani na marungu wakitaka wageni tuondoke au tufe, na madukani Mayfair milango ya vyuma ilikuwa imeteremshwa mchana. Tulipotoka nilikaa karibu naye nikamuuliza nisichowahi kumuuliza miaka yote, kama aliwahi kujuta, kwa ajili ya maneno matatu kwenye mashine.

Akasema, "Bale batoto ba siku zile leo ni watu wazima. Labda bamoja wao walikuwa barabarani wiki hii. Kama wanasema tuuawe, lile neno hawakulijifunza kwangu."

Akaniomba nimsaidie kuinuka, tukaenda kutafuta chakula.